Chuma Kitupu Chini ya Gari: Kipakwe Nini?

Mnunuzi wa gari lililotumika kutoka Japani, awe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, mara nyingi hulijua gari lake kwenye karatasi kabla hajaligusa. Ni karatasi ya mnada: mchoro wa gari uliojaa herufi na tarakimu. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa. Wengi hutazama hizo, wakaangalia alama ya jumla, wakalipa. Herufi zenye habari nzito zaidi hurukwa. S ni kutu iliyoanza, C ni kutu iliyokwisha kula. Zikiambatana na maelezo kuhusu sehemu ya chini, huenda gari hilo limetumika Hokkaido, Tohoku au mikoa mingine ya theluji.

Huko kuna kisa chake. Hadi miaka ya 1980 madereva wa kaskazini mwa Japani walivuka majira ya baridi kwa matairi yenye pini za chuma. Pini zile zilikuwa zikisaga lami na kutimua vumbi lililowasumbua watu vifua mijini, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuzidhibiti. Barafu haikuondoka kwa sheria, kwa hiyo barabara zikaanza kumwagiwa chumvi kwa wingi zaidi: chumvi ya kawaida, na kwingine kloridi ya kalsiamu. Matairi yaliirusha juu, ikaingia kwenye mishono ya mabati, ndani ya maboksi ya chesi na nyuma ya madigadi. Gari lilipopanda meli, chumvi nayo ilipanda.

Pwani ya Afrika Mashariki ndipo pabaya zaidi pa kuishusha. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa peke yake, bila tone la mvua, unyevu huo ukifika takriban asilimia 75. Kloridi ya kalsiamu huyeyuka mapema zaidi, kwenye takriban thelathini. Usiku wa kawaida wa Mombasa, Tanga au Unguja huipita asilimia 75 bila jitihada. Ina maana gari lililoegeshwa chini ya paa, kavu kwa macho, lina maji ya chumvi ndani ya mishono yake tangu magharibi hadi jua lipande. Ongeza upepo wa bahari, na kwa wenye kuvuka Likoni au Kigamboni kila siku, maji ya gatini.

Kipimo cha kimataifa cha ISO 9223 kinayapanga mazingira kwa madaraja ya ukali, kuanzia C1 ndani ya nyumba kavu. Katika C5, daraja ambalo huweza kufikiwa kwenye fukwe zenye chumvi nyingi hewani, chuma laini kisichopakwa chochote hupoteza mikroni 80 hadi 200 katika mwaka wa kwanza. Bati la sakafu ya gari dogo lina unene wa milimita 0.7 au 0.8, yaani mikroni 700 au 800, nalo huliwa pande zote mbili. Hesabu hiyo haihitaji mhandisi. Katika C3, ambako hewa si kali kiasi hicho, hasara ni mikroni 25 hadi 50. Kwa hiyo gari linaloishi Dodoma halihitaji gharama inayolistahili gari la Bububu, Unguja, na fundi anayewauzia wote wawili dawa moja kwa bei moja anauza, hashauri.

Jibu la gereji nyingi kwa chuma kilichovuliwa rangi ni moja: lami. Kopo jeusi la kupuliza au kupaka kwa brashi, nene, lenye mpira ndani, likikauka linameremeta na mteja anaondoka ameridhika. Lami hii si ya kudharauliwa. Inazuia kokoto, inapunguza kelele, na juu ya rangi nzima isiyo na ufa hufanya kazi yake miaka kadhaa. Tatizo ni kwamba yenyewe haina kitu ndani kinachopigana na kutu. Ni koti tu. Ikipakwa juu ya chuma chenye kutu, au juu ya vumbi na grisi, haishikani. Miaka miwili mitatu ya joto inaikausha, inapasuka nyufa nyembamba, maji yanaingia yasitoke. Kuanzia hapo koti linakuwa mfuko. Kutu hutanuka mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huinua lami polepole, lakini kwa kuwa yote ni nyeusi hakuna anayeona mpaka bisibisi izame. Ndiyo maana gari lililopakwa jeusi jipya chini, likiwa bado yadi likisubiri mteja, linafaa kutiliwa shaka kuliko lile linaloonyesha kutu yake waziwazi.

Si wenye gereji ndogo tu wanaoshindwa na jambo hili. Toyota, kampuni ambayo pikapu zake zimevuka Sahara na kupanda milima ya Ethiopia, ilijikuta matatani Marekani kwa sababu ya chesi. Mwaka 2008 ilirefusha dhamana ya kutoboka kwa kutu kwa pikapu za Tacoma za miaka ya 1995 hadi 2000 ikawa miaka 15, na magari yaliyoharibika vibaya ikayanunua kutoka kwa wenyewe. Malalamiko hayakuishia hapo. Mwaka 2016 ikakubali kumaliza kesi ya pamoja iliyogusa takriban magari milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia, kwa thamani iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Hoja ya walalamikaji ilikuwa kwamba chesi hazikulindwa ipasavyo dhidi ya kutu zilipotengenezwa. Gari ni lile lile, injini ni ile ile inayosifiwa dunia nzima. Kilichokosekana ni utando mwembamba kuliko unywele, kwenye chuma kinene.

Utando huo unastahili kuelezwa, kwa maana ndio kipimo ambacho kila kopo la dukani linajaribu kukifikia. Kiwandani bodi nzima huoshwa, ikatiwa dawa ya fosfeti inayoota fuwele ndogo ndogo juu ya chuma, kisha ikazamishwa kwenye bwawa la rangi yenye umeme. Umeme huivuta rangi mpaka kwenye pembe na mapango ambayo brashi haifiki, unene wake ukiwa mikroni 20 hivi, na bodi hupitishwa kwenye tanuri. Watengenezaji wengi huanza na bati lenye zinki. Audi ilipotoa bodi iliyopakwa zinki yote mwaka 1985 ilikuwa habari ya kutangazwa, leo ni jambo la kawaida. Fundi anapopitisha grinda hapo, ili achomelee kiraka au aondoe kutu, anafuta kazi ya mabwawa yale yote kwa dakika chache. Hakuna kopo linaloirudisha yote. Lililopo ni kuchagua kipi kirudishwe kwanza.

Na hapo uchaguzi hauanzi na rangi, unaanza na hali ya chuma chenyewe. Chuma kitupu kinachong'aa ni mgonjwa mmoja. Chuma chenye madoa ya kutu iliyojichimbia vishimo ni mwingine. Mshono wa mabati mawili yaliyobebana, au ndani ya boksi lisilofikika, ni wa tatu, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwenzake.

Kwa chuma kitupu hasa, vitu viwili vinashindania nafasi ya kwanza: praima ya zinki na praima ya epoksi. Zinki hulinda kwa kujitoa mhanga. Ikigusana na chuma kwenye unyevu, ndiyo inayoliwa kwanza. Lakini ili iliwe lazima umeme mdogo upite kati ya chembe na chembe, na kati ya chembe na chuma. Kwa sababu hiyo kipimo cha ISO 12944 kinataka praima ya namna hii, ikishakauka, iwe na vumbi la zinki lisilopungua asilimia 80 kwa uzito. Makopo mengi ya kupuliza yaliyoandikwa zinki hayafiki huko, ni rangi ya kijivu tu. Hata lile linalofika halifai kitu likipulizwa juu ya kutu au juu ya praima nyingine, kwani zinki haikigusi chuma. Mahali pake ni kando ya mstari wa kuchomelea, au kwenye chesi iliyopigwa mchanga ikawa nyeupe.

Epoksi ya makopo mawili hufanya kazi kwa njia tofauti: inashika. Haijitoi mhanga kwa yeyote, lakini hung'ang'ania chuma kisafi na kuyazuia maji na chumvi kuliko karibu kila kitu kinachopatikana kwenye maduka ya rangi za magari. Udhaifu wake mkubwa ni jua, ambalo huigeuza unga, na chini ya gari hakuna jua. Ndiyo maana kwa fundi wa kawaida asiye na mashine ya kupiga mchanga, epoksi ndiyo chaguo la busara kuliko zinki. Inasamehe zaidi. Isichokisamehe ni kuchanganywa kwa kukadiria macho, na ile praima ya asidi ambayo baadhi ya mafundi huipaka kwanza wakidhani wanaongeza nguvu. Asidi iliyobaki huvuruga ukaukaji wa epoksi, na baada ya miezi yote hubanduka kwa kucha. Praima ya bei rahisi ya rangi nyekundu, ile ya mageti na madirisha, nayo si mbadala. Wekundu wake ni oksidi ya chuma, binamu wa kutu yenyewe. Inapendeza jicho lakini maji huipenya.

Yote hayo hutegemea usafi, na usafi pwani una adui asiyeonekana. Sheria ya wapaka vyuma duniani ni kwamba chuma lazima kiwe na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Chukua asubuhi ya Dar es Salaam: hewa nyuzi 27, unyevu asilimia 85. Umande hutua kwenye takriban nyuzi 24, na chesi iliyolala nje imepoa hadi chini ya hewa yenyewe. Fundi anayeanza kupaka saa moja asubuhi ili awahi kazi nyingine anapaka juu ya maji asiyoyaona. Ifikapo saa tano, hewa ina nyuzi 31 na unyevu umeshuka hadi asilimia 65 hivi. Umande bado uko kwenye nyuzi 24 kasoro, lakini chuma kimepata joto, nafasi ipo. Kopo lile lile, fundi yule yule, tofauti ya saa nne, na matokeo mawili. Kabla ya hapo gari lioshwe kwa maji baridi mengi na sabuni, maana brashi ya waya huondoa kutu lakini chumvi huipaka tu kama siagi. Likauke. Lipigwe msasa mkali, namba 80, rangi ipate pa kushika. Brashi ya waya hukiacha chuma laini mno. Mwisho chuma kipanguswe kwa kitambaa cheupe chenye thina, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Petroli, ambayo wengi hutumia kwa kuwa ipo karibu, huacha mafuta yake nyuma, acha hatari ya moto.

Mgonjwa wa pili, chuma chenye vishimo, ndiye anayeuziwa miujiza zaidi. Kemikali za kubadili kutu hutegemea asidi ya fosfori, tanini, au vyote viwili. Tanini hushikana na kutu na kuigeuza kitu cheusi chenye ubluu kisichoyeyuka, kwa kemia ile ile iliyotengeneza wino wa zamani. Katika nchi hizi si dawa ngeni: kule Njombe kampuni ya Tanganyika Wattle ilianza kukamua tanini ya magome ya miwati enzi za Waingereza, na magome ya mikoko ya Rufiji yaliwahi kusafirishwa kwa wasindika ngozi wa Ulaya. Hufanya kazi, ila kwenye kutu nyembamba iliyoshikana. Kutu inayobanduka vipande lazima iondoke kwa nyundo na grinda kwanza, kwani dawa haifiki chini yake. Kwenye chuma kitupu haina cha kubadili, na asidi isiyooshwa hubaki ikifanya uharibifu. Rangi za urethani zinazokauka kwa kunyonya unyevu, POR-15 ikiwa maarufu kati yake, hukamata vizuri chuma kilichochubuka na chenye masalia ya kutu, lakini huteleza kwenye bati laini linalong'aa. Kwa hali ya hewa ya Mombasa zina ucheshi wake: kopo likifunguliwa asubuhi na kuachwa wazi, jioni limeota ngozi. Mvuke wake una kemikali zinazoweza kuanzisha pumu. Kitambaa puani si kinga.

Kwa chesi ya gari la thamani, iliyovuliwa kila kitu, ipo njia ambayo wenye Land Rover za zamani Uingereza wameifanya karibu ibada: kuizamisha nzima kwenye zinki iliyoyeyushwa. Kwa chuma cha milimita 3 hadi 6, kipimo cha ISO 1461 hudai wastani wa mikroni 70 za zinki. Katika mazingira ya C5 zinki hupungua mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka, hivyo hata ufukweni utando huo hudumu miaka minane hadi kumi na sita kabla chuma hakijaguswa. Ndani na nje. Lakini ni kazi ya kulivua gari mpaka mifupa. Kwa Probox ya kubebea mikate, hakuna hesabu inayokubali.

Mgonjwa wa tatu ndiye anayeua magari mengi, na kwake rangi ngumu haina nafasi. Ndani ya boksi la chesi na kati ya mabati mawili hakuna msasa unaofika. Pale hutakiwa kitu laini, kinachotambaa, kisichokauka kabisa: nta ya mapangoni inayopulizwa kwa mrija mrefu, au mafuta yatokanayo na manyoya ya kondoo. Wazo si la maabara. Mjerumani Kurt Ziebart alipoanzisha biashara yake Detroit mwaka 1959, alichouza ni kutoboa matundu na kupuliza dawa ndani ya milango na maboksi. Kabla yake, nahodha Robert Fergusson aliona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye deki yenye kutu yakiizuia isiendelee, na mwaka 1921 akaanzisha kampuni ya Rust-Oleum. Wenye majahazi wa Pwani wasingeshangaa. Mbao za jahazi zimepakwa sifa, mafuta ya papa, vizazi na vizazi, na chini ya usawa wa maji deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, na kila aliyeishi karibu na chombo anajua masharti yake: hunuka, na hurudiwa. Nta ya gari nayo hurudiwa, kila mwaka au miaka miwili, na mashine za presha za kuoshea magari huiondoa mapema zaidi. Huo ndio uzuri wake pia. Kinachorudiwa hukaguliwa, na nyufa zake hujifunga zenyewe badala ya kufungia maji ndani.

Mbadala wa bure ni oili chafu. Katika sehemu za kuoshea magari si ajabu mteja kuulizwa apuliziwe oili au dizeli kwa chini, na hoja ya mafundi haina makosa yote: mafuta ni mafuta, maji hayaingii kwa muda. Tatizo ni kilichomo. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba asidi za mwako, masizi, chembe za metali, na hidrokaboni ambazo zimehusishwa na saratani ya ngozi kwa wanaoishika kila siku bila glavu. Hulainisha na kuvimbisha mpira wa bushi, hukusanya vumbi likawa tope linalotunza unyevu, na inayobaki hudondokea udongoni. Kwa tofauti ndogo ya fedha, lita chache za mafuta safi au nta hufanya kazi hiyo hiyo vizuri zaidi. Oili chafu juu ya chuma kitupu pia ina gharama ya baadaye: siku mwenye gari akitaka epoksi, vishimo vimeshakunywa mafuta, na hakuna thina inayoyatoa yote.

Mpangilio unaofaa kwa gari la kawaida la pwani basi ni mchanganyiko. Epoksi makoti mawili kwenye chuma kilichosafishwa, iachwe siku kadhaa ikomae. Lami ya mpira juu yake mahali panapopigwa na kokoto tu, yaani ndani ya matao ya magurudumu na chini ya milango. Nta kwenye mishono na mapango yote. Kwa Nairobi au Dodoma, kuosha kabisa chumvi ya Japani na nta moja ndani ya chesi huenda vikatosha miaka mingi. Matundu ya kutolea maji chini ya milango na chesi yabaki wazi. Fundi mwenye bidii huyaziba kwa lami na kuligeuza boksi kuwa tangi. Ekzosi isiguswe na lami wala nta, itawaka au itanuka. Nyuzi za boliti, diski za breki, sensa za magurudumu na bushi zifunikwe kwa karatasi na utepe kabla ya kupuliza.

Mirija ya breki ni habari nyingine. Kwenye magari mengi ni chuma chembamba kinachopita kwenye vibanio vya plastiki, na kutu hujificha hasa chini ya kibanio, mahali ambapo kopo la rangi halifiki na macho hayatazami. Ukiona mrija umevimba au umechubuka magamba, hakuna praima wala nta inayouhusu tena: hukatwa, ukawekwa wa aloi ya shaba na nikeli, na kazi ya rangi ikasubiri siku nyingine.